Nilivyomwonea wivu mzee wa Muthangari juu ya mwanangu frateri

Wakuu, salamu zenu wote. Mkenya hapa, wa Kabiria, Nairobi.

Mimi humu ni mtu wa kusoma tu na kucheka. Sina uzi hata mmoja. Leo nimeamua kuandika, na haya nayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sijaambiwa na mtu. Majina tu ndio nimebadilisha.

Kwanza mnijue.

Mimi nilikuwa najua hakuna kitu chini ya jua kinaweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la sita. Nimesukuma mkokoteni Kawangware miaka minne. Kibanda changu kimeungua mara mbili, na mara ya pili aliyenipigia simu kunipa pole ndiye alikuwa ameondoka na grinder yangu. Nimeyaona.

Leo niko na workshop ya kuchomelea, mafundi saba, pickup mbili. Ukitoka Lavington mpaka Waithaka, angalia mageti. Ukiona geti iko na maua ya chuma juu, na hayo maua yamepindwa mpaka unadhani yameota, hiyo ni mkono yangu. Siringi.

Sawa, naringa kidogo. Lakini mwenye amejitoa chini mwenyewe ana haki.

Sasa twende.

Niko na wasichana watatu na kijana mmoja. Kijana anaitwa Njuguna, jina la ubatizo Linus. Sisi Wakikuyu, kijana wa kwanza hubeba jina la baba ya baba yake. Kwa hivyo huyu ni baba yangu amerudi. Tangu akiwa wa kunyonya mimi humwita Baba, na yeye huniita Mzee. Hajawahi niita Baba hata siku moja, kwa sababu kwa nyumba yetu Baba ni yeye.

Mshike hapo, itawasaidia mbele.

Na yeye akioa, kijana wake wa kwanza angekuwa mimi. Jina yangu ingetembea. Workshop nayo ingekuwa yake. Hiyo plan nilikuwa nimeipanga kichwani tangu akiwa darasa la tatu.

Alipomaliza form four, na alipita vizuri, alikuja workshop siku moja akasimama karibu na compressor mpaka nikaizima. Akaniambia anataka kwenda seminari kuwa padri.

Nikawasha compressor tena. Nilikaa wiki moja bila kumwongelesha. Mama yake ndiye alinimaliza. Aliniambia, "Wewe ulitoka kwenu na shati moja na hakuna mtu alikufungia njia. Huyu unamfungia kwa nini?"

Nikakubali. Na nikishakubali kitu, nakubali mzima mzima. Kijana wa seminari huitwa frateri, kwa hivyo nikaanza kujulikana hapa kama Baba wa Frateri. Kwa jumuiya nilikuwa nakaa mbele. Nikazijua hatua zote kuliko katekista: mwaka wa kiroho, falsafa, mwaka wa uchungaji wanatumwa parokiani, halafu teolojia, ushemasi, upadri. Inafika kama miaka kumi. Daktari hafikishi hapo.

Na wakuu, watu hudhani seminari ni kuimba na kula. Wacha niwaambie. Wanaamka saa kumi na moja asubuhi. Wanaosha vyoo kwa zamu. Wanalisha nguruwe. Kila mwaka walimu wao wanakaa chini wanamwongelea kijana mmoja mmoja: anasali vipi, anaishi na wenzake vipi, akikosolewa anafanya sura gani. Na likizo ikiisha, paroko anaandika ripoti juu yake, anaifunga kwa bahasha, na kijana anaibeba mwenyewe mpaka kwa Rekta, mkuu wa seminari, bila kujua imesema nini.

Mimi nilishaiona hiyo bahasha kwa meza yetu nikaishika nikaiweka kwa dirisha mwangaza upite. Haikuonyesha kitu. Paroko alikuwa ametumia bahasha ya khaki.

Mwaka wa kwanza nilimpelekea godoro. Si godoro ya mchezo, ile nene ya hoteli. Siku ya wazazi kutembelea nikataka kuiona, nikakuta frateri mwingine, mgonjwa wa mgongo, ndiye ameilalia. Wangu yuko kwa kile kigodoro cha seminari kama chapati.

Nikaenda kwa Rekta. Rekta ni padri mwembamba, sweta yake imetoboka kiwiko, huwezi jua ndiye bosi. Akanieleza kwamba zawadi yoyote frateri anaitangaza kwake, na yeye anaangalia nani ana shida nayo. Akasema, "Mzee, huyu kesho anaweza kutumwa mahali atalala kwa mkeka. Sasa nikimzoesha godoro lako, nimemsaidia au nimemharibia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini moyoni nilisema huyu hajui mimi ni nani. Mwaka uliofuata nikapeleka laptop. Ikawekwa maktaba, ikaandikwa namba kwa wino mweupe.

Hapo ndio nianze kuwaambia kitu chenyewe.

Alipomaliza falsafa akatumwa mwaka wa uchungaji, parokia moja upande wa Muthangari. Hiyo parokia iko na desturi. Kila frateri akija, wanamchagulia mzazi mlezi. Ni familia atakuwa anakula kwao Jumapili, wanamwangalia anavyoishi na watu, wanamshauri. Wangu alipewa mwalimu mstaafu wa physics, anaitwa Mutiso, mzee wa Machakos. Watoto wake wote wako ng'ambo.

Nilipoambiwa nilisema sawa. Mzazi mlezi ni kama foreman wa kukodishwa, kazi ikiisha anaenda.

Jumamosi moja nikawa napima geti karibu na huko. Kumbe hiyo nyumba inapakana na kwa Mwalimu. Niko na tape measure mkononi, nasikia sauti ya kijana wangu ng'ambo ya ua. Nikachungulia. Wamekaa kwa veranda wawili wanamenya viazi, karatasi iko katikati yao, na Mwalimu ameivutia kwake anaisoma.

Njuguna akasema, "Baba, hapo nimekosea wapi?"

Wakuu.

Tape measure ilijirudisha yenyewe ikanikata kidole. Niko na alama mpaka leo.

Niliingia. Siwezi kuona kitu kama hiyo nitembee. Mwalimu alinipokea vizuri sana, na hiyo ndiyo iliniuma, angekuwa na madharau ningejua pa kumshika. Akasema, "Karibu mzee mwenzangu, tunakuongelea kila siku hapa. Njuguna, hebu kiti."

Kijana akaingia ndani akatoka na kiti. Akaingia tena akarudi na chai. Akafungua kabati akatoa sukari bila kuuliza iko wapi.

Kwangu, akija likizo, anauliza sukari iko wapi.

Tukakaa. Wakaongea mambo ya kitabu fulani, mtu wa zamani alisema nini juu ya dhamiri. Njuguna akawa ananigeukia kila baada ya muda ananieleza kwa sauti ya chini, polepole, kama vile mtu anaeleza mgeni. Nilikunywa chai nikawaambia niko na kazi. Nilirudi nikapima hiyo geti vibaya, ikatoka fupi inchi mbili.

Tangu siku hiyo nikawa mtu mwingine.

Wivu wa mwanamke naujua, nilishakuwa nao nikiwa kijana, huo hupita. Huu wa mtoto ni mbaya. Huwezi kumwambia mtu. Utamwambia nani kwamba unamwonea wivu mzee wa miaka sabini anayemenya viazi? Mke wangu nilimgusia kidogo akacheka mpaka akaketi.

Nikaanza mashindano, na Mwalimu hakujua kuna mashindano. Niliwaalika kwangu nikachinja mbuzi. Mwalimu akaja na papai mbili za shamba lake, amezifunga kwa gazeti. Na nani alisifiwa? Papai. Njuguna aliikata hapo hapo akisema hii ndiyo ile ya mti wa karibu na tanki. Anaijua mpaka mti.

Halafu ikaja Kwaresima. Ijumaa moja wakampa kijana tafakari ya Njia ya Msalaba, mara ya kwanza aongee mbele ya watu. Nilifunga workshop mapema, nikavaa suti, nikakaa kiti ya pili kutoka mbele. Mwalimu alikuwa upande ule mwingine, nyuma kidogo.

Kijana aliongea. Alikuwa anaangalia watu, halafu anamwangalia Mwalimu. Anaangalia karatasi, anamwangalia Mwalimu. Mwalimu anainua kidole. Anaendelea. Nilihesabu. Mara tisa kwa Mwalimu. Kwangu mara moja, na akaondoa macho haraka.

Alisema nini? Wakuu, sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nahesabu.

Mwaka ukaisha akarudi seminari kwa teolojia. Nikadhani sasa mlezi amekwisha. Wapi. Kila siku ya kutembelea, Mwalimu na mke wake wako pale, na papai. Siku kijana alipopewa huduma ya usomaji, Mwalimu alimletea viatu vyeusi, na Rekta akamruhusu avivae kwa sababu vyake vilikuwa vimeisha. Nilivikagua. Viatu vya kawaida kabisa. Lakini alivivaa miaka mitatu, akivipeleka kwa fundi kila soli ikiisha.

Godoro yangu imelaliwa na mtu mwingine. Viatu vya Mwalimu viko mguuni.

Basi ikafika ushemasi. Kabla ya frateri kuwekewa mikono, jina lake linasomwa kanisani kwao Jumapili tatu. Wanasema, fulani anaomba ushemasi, mwenye anajua sababu ya kumzuia aandike kwa siri. Ni kama tangazo la ndoa.

Wiki ya kabla ya tangazo la kwanza, Njuguna alikuja nyumbani na mpango wa ile siku. Akatueleza amefurahi vile sijawahi kumwona. Mavazi yanaletwa mbele na wazazi. Kuna ile stola, kitambaa shemasi huvaa begani kinateremka upande, na kuna ile joho kubwa ya juu. Akasema joho tutabeba mimi na mama yake.

Nikamuuliza, na stola?

Akasema stola watabeba Mwalimu na mke wake.

Sasa mimi kwa akili yangu ya workshop nikaona hivi: stola ndiyo inavalishwa kwanza. Hiyo joho ni koti tu. Mwalimu amepewa ushemasi wenyewe, mimi nimepewa koti.

Nilimwambia sawa Baba. Nikacheka na yeye. Nikakula.

Jumapili jina lilisomwa, watu wakapiga makofi. Jumatatu nikaenda town, nikapanda juu kwa cyber moja ya River Road, nikamwambia mama anayepiga chapa kwamba niko na barua. Ningeandika mwenyewe lakini mwandiko wangu unajulikana, uko kwa quotation za watu nusu ya Nairobi.

Nikamwambia aandike kwamba kuna mzee wa Muthangari anaitwa Mutiso amemshika frateri Linus. Kwamba frateri anamsikiza huyo mzee kuliko wakubwa wake. Kwamba anapewa vitu, mpaka viatu. Kwamba kanisa liangalie kama huyo mzee hajamnunua frateri awe padri wake wa nyumbani. Mwisho akaandika, ni mimi Mkristo mwenye uchungu.

Yule mama aliisoma yote, akaniangalia juu ya miwani. Akauliza, "Na huyu frateri amekosa nini?"

Nikamwambia frateri hana kosa, mwenye kosa ni mzee.

Akasema, "Mbona basi jina la frateri liko mara nane, la mzee mara tatu?"

Nikamwambia achape. Nikampa mtu wa pikipiki aifikishe seminari.

Na hapa ndio kosa langu lilikuwa, na nataka mzazi yeyote wa frateri asome vizuri. Kwa workshop, nikisikia fundi wangu mzuri ana rafiki mbaya, namfukuza rafiki. Fundi anabaki. Nilidhani seminari ni hivyo. Wataita Mwalimu, watamwambia akae mbali, siku ya ushemasi mimi na mke wangu tutabeba joho na stola, zote mbili.

Jumapili ya pili jina likasomwa.

Jumapili ya tatu nilikuwa nimekaa mbele na suti. Tangazo la harusi, tangazo la mavuno, tangazo la choo za parokia. Jina halikusomwa. Watu wakaanza kugeuka kuniangalia.

Jumanne Njuguna alikuja nyumbani na begi. Ameahirishiwa mwaka mmoja. Akae nyumbani, afanye kazi, asali, paroko amwangalie. Na mpaka uchunguzi uishe asiwasiliane na Mwalimu Mutiso. Nani aliandika na aliandika nini, hakuambiwa. Ni siri.

Sasa wakuu niliahidi kusema ukweli, nauandika hata kama mtanitukana.

Nilifurahi.

Alikuwa nyumbani. Alivaa overall. Nilimfundisha kushika holder, kuvuta mstari wa moto bila kutingisha mkono, kupinda maua. Ana mkono mzuri kuliko fundi yangu wa miaka kumi. Saa nne tunakunywa chai pamoja kwa bench. Mwalimu haji, hapigi simu, hatajwi. Kwa mwezi mmoja na nusu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dagoretti.

Lakini kijana akaanza kukonda. Alikuwa anasali kama kawaida, kisha akapunguza. Misa ya asubuhi akawa anaruka. Mama yake akaniambia amemkuta amekaa na zile vitabu zake za sala amezifunga kwa kamba, kama mtu anayehama.

Siku moja tukiwa kwa chai akaniuliza, "Mzee, wewe unanijua tangu nizaliwe. Ni nini kibaya kiko ndani yangu?"

Nikamwambia hakuna.

Akasema, "Kipo. Kuna mtu alikiona mpaka akachukua kalamu. Mimi nimejitafuta hii miezi yote na sikioni, na kama siwezi kukiona basi sifai. Nafikiria kuwaandikia nimeacha."

Hiyo ingekuwa ushindi wangu wote. Geti, workshop, jina, mjukuu. Niliweka kikombe chini. Nikamwambia asiandike kitu haraka. Nikaenda nyuma kwa vyuma nikajifanya natafuta flat bar.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu akaja. Alikuja asubuhi, Njuguna akiwa ameenda na pickup kununua vyuma. Nafikiri aliitazama pickup ikitoka ndio akavuka barabara, maana alikuwa amekatazwa kukutana naye, na yeye ni mtu wa kufuata sheria.

Hakuketi. Alisema Rekta alimuita akamsomea barua. Akasema barua ilitaja viatu.

"Vile viatu," akasema, "nilimpa kwa ofisi ya Rekta. Tulikuwa Rekta, kijana, mimi na mke wangu. Wewe na mama yake mliambiwa baadaye. Rekta hakuandika. Kijana hakuandika. Mama yake kijana hawezi."

Nikamwambia wewe unanishuku mimi, kwa workshop yangu?

Akasema, "Sijaja kukushuku, nimeshamaliza kukushuku. Sijamwambia mtu na sitamwambia. Ya kusema ni yako."

Nilitaka kumtoa. Nilishika hata nyundo, sijui ya nini. Lakini maneno yaliyonitoka hayakuwa ya kumtoa. Nilimwambia siku ya Njia ya Msalaba kijana alikuangalia wewe mara tisa.

Mzee akanishangaa. Kisha akasema, "Alikuwa amepewa dakika saba. Aliniomba nishike saa. Kila dakika nainua kidole, na alizidisha mbili."

Mara tisa.

Akaniuliza, "Na wewe mwenyewe hukusikia alichosema?"

Nikamwambia nilikuwa nahesabu.

Akasema kijana aliongea juu ya yule Simoni aliyesaidia kubeba msalaba. Kijana akasema yeye akimfikiria Simoni humwona mtu wa mkokoteni anapanda mlima wa Kawangware, mzigo si wake, amelipwa kidogo, na hasimami kwa sababu nyumbani kuna watoto. Akasema huyo mtu yuko hapa kanisani na ndiye alimfundisha kubeba. Mwalimu akasema, "Tulimwambia akutaje jina. Akasema hapana, mzee wangu ana maringo, akitajwa atasimama apungie watu mkono."

Wakuu, ningesimama. Haki ningesimama.

Nilimuuliza na lile la kukuita Baba. Akasema kila frateri aliyepita kwake humwita hivyo, ni wa kumi na moja. Akasema, "Lakini wako ndiye peke yake aliniambia hilo jina kwao ni lake, na kwamba anayemwita nalo ni mmoja tu, wewe."

Akaondoka kwa mguu. Hata hakutaka nimpeleke.

Kesho yake nikaenda kwa Rekta. Sikuvaa suti. Nilimwambia barua ni yangu. Nilitegemea atanifukuza au atanibariki, moja kati ya hizo. Aliniangalia tu, akafungua droo, akatoa karatasi nyeupe na kalamu. Akasema, "Andika. Na mara hii weka jina."

Niliandika na huu mwandiko wangu. Ukurasa mmoja ulinichukua kutoka saa tatu mpaka saa tano na nusu. Rekta alikuwa anafanya kazi zake, haniharakishi.

Nikamwambia sasa mrudishe kijana. Akasema haiendi hivyo. Mwaka umeshatolewa, walimu wameshakaa, na mahali wameweka shaka lazima waitoe polepole wenyewe. Akasema wakiwa na shaka hawamwekei mtu mikono, hata awe mtakatifu. Mwaka angeumaliza. Ila Mwalimu alifunguliwa siku hiyo hiyo, akakubaliwa kumwona kijana. Na Rekta akaniambia kijana nimwambie mimi, niko na mpaka Jumapili, la sivyo atamwambia yeye.

Nilimwambia Ijumaa, workshop ikiwa imefungwa, tumebaki wawili. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema tu, "Baba, aliyeandika ni mimi."

Alikuwa anakunja waya ya machine. Akaendelea kuikunja mpaka ikaisha. Akaitundika mahali pake. Akauliza kwa nini.

Nikamwambia kwa sababu ya stola.

Akafuta mikono kwa overall. Nilidhani atacheka, nilidhani atanipiga. Alisema, "Mimi nilikuwa nimeshafunga vitabu, Mzee." Akavua overall, akatoka.

Siku kumi na mbili hakuniongelesha. Alikuja kazini kila asubuhi, akafanya kazi, akasalimia mafundi, mimi hapana. Nilijua hiyo wiki yangu niliyomnyamazia ilivyokuwa imemuuma. Siku ya kumi na tatu alikuja asubuhi akiwa ametoka Misa, akaweka kikombe cha chai mbele yangu. Akasema amenisamehe, lakini nisimuulize kila siku kama amenisamehe, maana bado anafanya kazi ya kunisamehe na haijaisha. Na akasema iko na sharti moja, atanipa siku ikifika.

Mwaka ukaisha. Paroko akaandika ripoti yake. Bahasha ikakaa kwa meza yetu usiku mzima na sikuigusa.

Jina likasomwa Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hiyo ya tatu nilishika kiti mpaka mke wangu akaniambia nitaivunja.

Halafu akanipa sharti. Stola ingenunuliwa na mimi na Mwalimu, tukiwa wawili, tukienda pamoja, na tulipe nusu kwa nusu. Hakuna kuzidisha hata shilingi. Na tungeibeba sisi wawili. Mama na mke wa Mwalimu wabebe joho.

Tukaenda town, duka la vitu vya kanisa, tumevaa kofia zetu kama wazee wawili wanaenda kuoa. Mimi niliona moja ya nyuzi za dhahabu, ina mawe, inang'aa kama bumper. Mwalimu akachukua moja nyeupe, msalaba mmoja mwekundu chini, basi. Tukabishana nusu saa, muuzaji akatuletea viti. Nikamwambia Mwalimu hiyo yako ni kama taulo. Akaniambia hiyo yako ni kama geti.

Nilicheka wakuu. Nilicheka na huyu mzee kwa duka la kanisa mpaka sister mmoja akageuka.

Tukachukua nyeupe. Mkono wangu ulikuwa umeshatoa pesa yote, mazoea. Mwalimu akaniangalia tu. Nikarudisha nusu kwa mfuko. Hamjui ilivyo ngumu kwa mtu kama mimi kurudisha pesa mfukoni.

Mwezi uliopita amekuwa shemasi. Tulibeba ile stola kwa sinia moja, yeye upande wake na mimi wangu, mwendo wetu haukulingana, ikawa inainama kwangu.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto akipendwa mahali pengine hujapunguziwa kitu. Mimi nilikuwa nahesabu macho na maneno yalikuwa yangu. Na mwenye ako na mtoto seminari, tafadhali, ile tangazo ikisomwa na moyo wako hauko sawa, kaa mbali na cyber.

Wakuu, semeni. Mwenye ashawahi kumwonea wivu mtu aliyemlelea mtoto vizuri ajitokeze, nisionekane ni mimi peke yangu. Na wenye mtanitukana, tukaneni, nimeshaandika mabaya kuliko hayo.

Na kwa sababu najua mtu atauliza bei, humu hamkosekani. Nusu yangu ya stola ilikuwa shilingi elfu moja mia saba na hamsini.